Matibabu ya ugonjwa wa ini kwa mbwa wadogo

Matibabu ya ugonjwa wa ini kwa mbwa wadogo ni jumla ya dawa, vyakula, upasuaji na uangalizi anaopewa mbwa mwenye uzito mdogo ambaye ini lake limeharibika au limeshindwa kufanya kazi. Ugonjwa wa ini si ugonjwa mmoja. Unaweza kuletwa na sumu, vimelea, bakteria, virusi, kasoro za kuzaliwa nazo au uzee, na kwa sababu hiyo hakuna dawa moja inayotibu maini yote. Tiba hulenga mambo matatu: kuondoa kisababishi, kumweka mnyama hai wakati ini linajijenga upya, na kuzuia madhara yanayotokana na ini kushindwa kazi.

Katika Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu baadhi ya visababishi vyake vikuu huwahusu pia binadamu. Sumukuvu iliyomo katika mahindi na karanga, pamoja na bakteria wa leptospirosisi, huweza kumuua mbwa na pia kuwadhuru watu wa nyumba ileile. Mbwa mwenye macho ya manjano anaweza basi kuwa dalili ya kwanza kwamba kuna hatari ghalani au katika maji ya kaya.

Makala hii inaeleza matibabu hayo kwa jumla, pamoja na jinsi yanavyoweza kufanyika katika maeneo ya vijijini kama Kiabakari, iliyopo Wilaya ya Butiama katika Mkoa wa Mara, Tanzania.

Kazi za ini

Ini ni kiungo kikubwa kilichopo nyuma ya kiwambo cha kifua. Kwa mbwa mzima lina uzito wa takriban asilimia 3 ya uzito wa mwili. Hupokea damu yenye virutubishi kutoka utumbo kupitia mshipa wa lango, huchuja sumu, hugeuza amonia kuwa urea, hutengeneza nyongo, hutunza akiba ya sukari, na huunda albumini pamoja na protini zinazogandisha damu.

Ini lina uwezo mkubwa wa kujijenga upya. Mnyama anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya ini lake bila kuonyesha dalili ya wazi. Jambo hilo lina faida na hasara: mbwa aliyetibiwa mapema anaweza kupona kabisa, lakini mwenye mbwa mara nyingi hugundua ugonjwa ukiwa umeshakwenda mbali.

Mbwa mdogo, kwa mfano mwenye kilo 5, yuko katika hatari zaidi kwa sababu tatu. Akiba yake ya sukari ni ndogo, hivyo akikataa kula kwa siku moja anaweza kuishiwa nguvu na kupata degedege. Kiasi kidogo cha sumu humtosha kumdhuru. Tena kosa dogo katika kupima dawa huwa kosa kubwa kwake.

Visababishi

*Sumukuvu*

Sumukuvu aina ya aflatoksini hutengenezwa na kuvu, hasa *Aspergillus flavus* na *Aspergillus parasiticus*, zinazoota katika mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Haiondolewi kwa kupika ugali au uji, na unga wenye sumu unaweza kuonekana na kunukia kama kawaida.

Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika kwa urahisi. Mwaka 1952 madaktari wa wanyama wa Marekani walieleza ugonjwa wa ini wa mbwa ambao chanzo chake hakikujulikana. Baada ya aflatoksini kutambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kufuatia vifo vya batamzinga zaidi ya 100,000 nchini Uingereza waliolishwa mashudu ya karanga, ilionekana kwamba ugonjwa ule wa mbwa ulitokana na sumu hiyohiyo. Nchini Kenya mbwa na kuku wengi walikufa kwa sumukuvu katika miaka ya 1977 na 1978.

Binadamu nao wameathirika. Mwaka 2004 katika mashariki ya Kenya watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 nchini Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 walifariki.

*Maambukizi*

- Hepatitisi ya kuambukiza ya mbwa husababishwa na adenovirusi ya mbwa aina ya 1. Ilielezwa kwa kina na Mswidi Carl Sven Rubarth mwaka 1947. Huwashika zaidi watoto wa mbwa wasiochanjwa. Mbwa aliyepona anaweza kutoa virusi katika mkojo kwa miezi 6 au zaidi. Haimwambukizi binadamu, na virusi vya homa ya ini vya binadamu havimwambukizi mbwa.
- Leptospirosisi huletwa na bakteria wa jenasi *Leptospira* waliomo katika mkojo wa panya, ng'ombe, nguruwe na wanyama wengine. Hudhuru ini na figo, na huambukiza binadamu kupitia ngozi yenye michubuko, macho au mdomo.
- Magonjwa yaletwayo na kupe, hasa babesia na erlikia, huweza kuleta manjano kwa kuvunja chembe nyekundu za damu au kwa kuathiri ini lenyewe.

*Kasoro za kuzaliwa*

Baadhi ya mbwa huzaliwa na mshipa usio wa kawaida unaopitisha damu ya utumbo pembeni mwa ini. Ini hubaki dogo, na amonia hufika kwenye ubongo bila kuchujwa. Kasoro hiyo, mshipa ukiwa nje ya ini, huonekana zaidi kwa mbwa wa aina ndogo kama Yorkshire Terrier na Maltese. Aina nyingine, kama Bedlington Terrier, hurithi tatizo la kurundika shaba katika ini.

*Dawa na sumu nyingine*

Kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500 humpa mbwa wa kilo 5 miligramu 100 kwa kila kilo, kiasi kinachoweza kumdhuru. Zailitoli, sukari mbadala inayotumika katika baadhi ya bazoka na peremende zisizo na sukari, hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla na huweza kuua seli za ini. Dawa za kifafa kama fenobabitali zinaweza kuharibu ini zikitumiwa kwa muda mrefu.

Dalili

Dalili za mwanzo ni za jumla: kukosa hamu ya kula, kutapika, kuharisha, kukonda, uchovu, kunywa maji mengi na kukojoa sana. Dalili zinazoelekeza kwenye ini ni hizi:

- umanjano wa weupe wa macho, fizi na ngozi ya ndani ya masikio;
- mkojo wa rangi ya chungwa iliyokolea au ya kahawia;
- tumbo kujaa maji;
- kutokwa damu puani au kwenye fizi, na choo cheusi kama lami;
- kuzubaa, kuzungukazunguka, kusukuma kichwa ukutani, kutokwa mate au degedege, hasa baada ya kula.

Mtoto wa mbwa aliyedumaa, anayelewalewa kila baada ya kula nyama, hushukiwa kuwa na mshipa wa pembeni.

Uchunguzi

Daktari huanza na maswali: mbwa anakula nini, unga ulinunuliwa au ulivunwa lini, amepewa dawa gani, amechanjwa au la, na kama kuna kuku au mbwa wengine waliokufa. Hufuata uchunguzi wa mwili na vipimo vya damu. Kupanda kwa kimeng'enya cha alanini aminotransferasi huonyesha kwamba seli za ini zinavunjika. Kiwango cha bilirubini hueleza ukubwa wa umanjano, na kushuka kwa albumini, sukari na urea huonyesha kwamba ini limeshindwa kazi.

Umanjano pekee hauthibitishi ugonjwa wa ini. Matone ya damu yaliyopakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini huonyesha babesia kwa gharama ndogo, na kipimo hicho ni cha lazima katika maeneo yenye kupe wengi. Ultrasaundi huonyesha ukubwa wa ini, mawe, uvimbe na mishipa isiyo ya kawaida. Kukata kipande kidogo cha ini hutoa jibu la uhakika zaidi, lakini kabla ya hapo uwezo wa damu kuganda lazima upimwe.

Matibabu

*Huduma ya dharura*

Mbwa aliyelegea hupewa maji ya dripu yenye glukosi, na madini ya potasi yanapopungua. Akiwa mbali na daktari na anaonyesha dalili za kuishiwa sukari, asali au maji ya sukari hupakwa kwenye fizi zake. Hamwagiwi kinywani, kwa maana anaweza kupaliwa. Kutapika hudhibitiwa kwa dawa kama maropitanti au metoklopramidi. Anayetokwa damu huchomwa sindano ya vitamini K chini ya ngozi, na mwenye hali mbaya huhitaji kuongezewa damu au utegili.

*Kuondoa kisababishi*

Kwa sumukuvu hakuna dawa ya kuiondoa sumu iliyokwisha kufika kwenye ini. Hatua ya kwanza ni kusimamisha chakula chote kinachoshukiwa. Leptospirosisi hutibiwa kwa ampisilini au penisilini ya sindano wakati mbwa anatapika, kisha doksisaiklini kwa wiki 2. Erlikia hutibiwa kwa doksisaiklini kwa takriban wiki 4. Hepatitisi ya virusi haina dawa ya moja kwa moja, hivyo mbwa husaidiwa hadi mwili wake uishinde. Uvimbe sugu wa ini unaotokana na kinga ya mwili hutibiwa kwa prednisoloni baada ya maambukizi kuondolewa shakani. Shaba iliyorundikana huondolewa kwa penisilamini, kisha zinki hutumika kuizuia isifyonzwe tena.

Babesia hutibiwa kwa imidokabu au diminazini. Diminazini inauzwa sana katika maeneo ya wafugaji kwa ajili ya ndorobo ya ng'ombe, na hapo ndipo hatari ilipo. Ikiwa imechanganywa kwa kiwango cha miligramu 70 kwa mililita, kipimo cha miligramu 3.5 kwa kilo humaanisha robo tu ya mililita kwa mbwa wa kilo 5. Kuzidisha, au kurudia sindano kabla ya wakati, huweza kuharibu ubongo. Mbwa hupimwa uzito kwa mizani kabla ya sindano, na bomba la mililita 1 hutumika badala ya lile la ng'ombe.

*Dawa za kusaidia ini*

N-asetilisisteini hutumika katika sumu kali, hasa ya parasetamoli, kwa kurudishia seli kinga yake dhidi ya sumu. S-adenosilimethionini na silimarini, inayotokana na mbegu za mmea *Silybum marianum*, hutolewa kwa wiki au miezi kadhaa. Asidi ya ursodeoksikoli hurahisisha mtiririko wa nyongo, lakini haitolewi mfereji wa nyongo ukiwa umeziba kabisa. Dawa hizi ni za kusaidia: hazichukui nafasi ya kutibu chanzo.

*Kudhibiti madhara*

Amonia inapopanda na kuvuruga ubongo, mbwa hupewa laktulosi, sharubati inayozuia amonia isifyonzwe utumbonai. Kipimo hurekebishwa hadi apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Kuharisha kwa maji ni dalili kwamba kimezidi. Metronidazoli kwa kipimo kilichopunguzwa huweza kuongezwa. Maji ya tumboni hupunguzwa kwa spironolaktoni na chakula kisicho na chumvi. Maji hayo hutolewa kwa sindano pale tu yanapomzuia mnyama kupumua.

*Upasuaji*

Mshipa wa pembeni hufungwa kidogokidogo kwa pete maalumu au utepe wa selofeni, ili ini lizoee kupokea damu. Kuufunga ghafla kunaweza kuua. Mbwa asiyefanyiwa upasuaji anaweza kuishi kwa laktulosi na chakula maalumu, ingawa ini lake halitakua inavyotakiwa. Upasuaji hutumika pia kuondoa mawe ya nyongo, kibofu cha nyongo kilichooza au uvimbe ulio katika sehemu moja ya ini.

*Chakula*

Kumnyima protini kila mbwa mwenye ugonjwa wa ini ni kosa la kawaida. Ini linahitaji protini ili lijijenge, na hupunguzwa pale tu dalili za ubongo zinapojitokeza. Hata hapo, mayai, maziwa, na kunde au maharage yaliyoiva vizuri hutoa matatizo machache kuliko nyama nyekundu. Mlo hugawanywa mara 4 hadi 6 kwa siku.

Kwa kutumia vyakula vya Kanda ya Ziwa, mbwa mgonjwa anaweza kulishwa wali laini au uji mzito wa nafaka safi, yai lililochemshwa, na kiasi cha samaki asiye na miiba au kuku bila ngozi. Chumvi, mafuta mengi na mchuzi wenye vitunguu huepukwa. Maini ya ng'ombe hayafai, kwa kuwa yana shaba nyingi. Tena maini yenye vifuko vya maji yaliyokataliwa machinjioni hayapewi mbwa yeyote, kwa sababu vifuko hivyo vinaweza kuwa vya tegu *Echinococcus granulosus*, ambaye hukomaa katika utumbo wa mbwa na mayai yake kumwambukiza binadamu.

Matibabu katika Kiabakari na Mkoa wa Mara

Kiabakari ipo kando ya barabara kuu inayounganisha Bunda na Musoma. Wilaya ya Butiama ilianzishwa mwaka 2012. Awali eneo hilo lilikuwa sehemu ya Musoma Vijijini. Mbwa wa eneo hili kwa kawaida ni wa kienyeji, wanaolinda nyumba na mifugo, na hula mabaki ya ugali, dagaa na mifupa. Kwa sababu wanakula unga uleule wa kaya, au ule ambao watu wameukataa, sumukuvu ni miongoni mwa mambo ya kwanza ya kufikiriwa.

Huduma ya kwanza hupatikana kwa afisa mifugo wa kata na ofisi ya mifugo ya halmashauri ya wilaya. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo cha kanda mjini Mwanza. Kwa matatizo yanayohitaji upasuaji mgumu, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro ni mojawapo ya mahali pa rufaa nchini. Wanaotoa tiba husimamiwa na Baraza la Veterinari kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003.

Pale ambapo vipimo havipatikani, daktari hulazimika kutibu kwa kukisia kwa busara. Husimamisha unga unaoshukiwa, hutazama damu kwa hadubini ikiwezekana, huondoa kupe, hutoa maji na sukari, na huanza doksisaiklini, ambayo hufanya kazi dhidi ya leptospira na erlikia. Dawa hiyo hutolewa pamoja na chakula kidogo na maji ili isiunguze koo. Mbwa asipopata nafuu ndani ya siku chache, safari ya kwenda kwenye vipimo zaidi huzingatiwa kwa kulinganisha gharama, mateso ya mnyama na uwezekano wa kupona.

Anayemhudumia mbwa mwenye manjano huvaa glovu, hunawa kwa sabuni, na huzuia watoto wasiguse mkojo wake. Mtu wa nyumbani akipata homa na maumivu makali ya misuli baada ya kumhudumia, humweleza mganga wa zahanati habari za mbwa huyo. Mbwa na kuku wakifa kwa pamoja baada ya kula unga wa gunia moja, unga huo hauliwi na mtu, hauuzwi wala hautupiwi mifugo. Taarifa hupelekwa kwa afisa kilimo na kituo cha afya.

Matarajio

Mbwa aliyepata sumu mara moja na kutibiwa mapema ana nafasi nzuri ya kupona, kwani ini huanza kujijenga ndani ya siku chache. Sumukuvu yenye manjano makali na kutokwa damu huua mbwa wengi hata wakitibiwa. Makovu yaliyoenea katika ini hayarudi nyuma, lakini mbwa anaweza kuishi miezi au miaka kwa chakula na dawa. Pale ambapo mnyama hali, anatokwa damu au ana degedege zisizokoma, daktari anaweza kushauri alazwe usingizi wa kudumu kwa sindano, badala ya kuachwa afe kwa mateso.

Kinga

- Chanjo ya mchanganyiko dhidi ya distempa, hepatitisi na parvo, pamoja na ya leptospirosisi. Chanjo ya kichaa cha mbwa, inayotolewa mara nyingi zaidi vijijini, haimkingi mbwa na magonjwa ya ini.
- Kukausha mahindi hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, kuyaanika juu ya turubai badala ya udongo, na kuyahifadhi mahali pakavu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na viwango vya Afrika Mashariki katika mahindi ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo.
- Kutompa mbwa unga au karanga zilizoota kuvu. Chakula kisichofaa kwa mtu hakimfai mbwa pia.
- Kudhibiti kupe na panya, na kumwekea mbwa maji safi ya kunywa.
- Kutompa dawa za binadamu wala za ng'ombe bila ushauri wa daktari wa wanyama.

Tazama pia

- Ini
- Mbwa
- Sumukuvu
- Leptospirosisi
- Kiabakari
- Wilaya ya Butiama